Mstari, Jalada na Hirizi: Ufundi wa Vitabu katika Uhakiki wa Tendi za Kaskazini

Mjadala wa ushairi uliopamba moto katika miaka ya 1970 baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, mjadala juu ya mstari. Mstari wa shairi huwa na mizani mingapi? Je, waweza kukatwa popote apendapo mtunzi? Na ubeti uliovunjiwa vina vyake, je, ungali ubeti? K. Amri Abedi alikuwa amekwisha kuziweka sheria zake kitabuni tangu mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi alipoitoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 ilidhihirika kwamba wapo watunzi ambao hawakukusudia kuzifuata. Mengi yaliandikwa baada ya hapo, na baadhi yake yaliandikwa kwa hasira. Hata hivyo, msomaji wa leo akizirudia hoja za pande zote mbili ataona kwamba mahasimu hao walikuwa wameketi mbele ya kitu kimoja, nacho ni ukurasa uliopigwa chapa kwa herufi za Kirumi. Aliyeutetea mstari aliutetea kama alivyouona katika ukurasa huo, na aliyetaka kuuvunja alitaka kuuvunjia papo hapo.

Madhumuni ya makala haya ni kurudi nyuma ya ukurasa huo. Nataka kuonyesha kwamba historia ya utengenezaji wa vitabu katika visiwa vya Lamu na Pate, pamoja na historia ya ufundi uliokuwa jirani yake, yaani ufumaji, kazi ya ngozi na uchongaji wa mbao, si jambo la kuachiwa watu wa makumbusho peke yao. Ni jambo la uhakiki. Ziko sehemu za tendi zetu ambazo tumezisoma kwa haraka, tukaziita desturi ya utangulizi au tamathali ya kawaida, kwa sababu tumesahau vitu vyenyewe vilivyokuwa mikononi mwa mtunzi. Nitautumia zaidi Utendi wa Mwana Kupona, kwa kuwa ndio unaotoa ushahidi ulio bora, na nitamtumia Muhamadi Kijumwa, kwa kuwa maisha yake yanaifanya hoja hii iwe nzito zaidi na vilevile iwe ngumu zaidi.

Yafaa tuanze na mji wa Siyu. Mji huu uko katika kisiwa cha Pate, na ndio uliokataa kwa miaka mingi kuinamia utawala wa Mabusaidi wa Unguja. Katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ilisifika kwa mambo ambayo sisi leo tumezoea kuyahesabu mbalimbali: wanazuoni, misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, milango na samani za kuchongwa, viatu na vitu vingine vya ngozi. James de Vere Allen, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Lamu, aliandika juu ya historia ya mji huu mwaka 1979, na juu ya utengenezaji wa vitabu vya Waswahili mwaka 1981. (Wanafunzi hupenda kumchanganya na J.W.T. Allen, mkusanyaji wa hati za tendi. Hao walikuwa watu wawili.) Katika siku za karibu zaidi Zulfikar Hirji amechunguza misahafu ya Siyu iliyopambwa, katika kitabu alichokihariri mwaka 2019 juu ya Kurani katika Afrika kusini ya Sahara. Misahafu hiyo imetiwa nakshi za rangi nyeusi, nyekundu na manjano, juu ya karatasi iliyotoka Ulaya.

Kazi za wataalamu hao zinajulikana sana kwa wanahistoria na watu wa sanaa. Katika uhakiki wa ushairi hazijaingia ipasavyo, na nadhani sababu yake ni nyepesi. Katika chuo kimoja cha ng'ambo nilikosomea shahada ya pili, hati za Kiswahili zilikuwa katika maktaba, marufaa ya kuchongwa yakawa katika jumba la makumbusho upande wa pili wa mji, na wanafunzi wa ushairi hawakutakiwa kwenda popote zaidi ya kabati la vitabu vilivyopigwa chapa. Mgawanyo huo tumeurithi sisi pia. Fundi wa Siyu asingeuelewa hata kidogo, maana katika mji wake msahafu, jalada lake na marufaa yake, yaani kile kibao kinachokunjuka ambacho msahafu huwekwa juu yake wakati wa kusomwa, vilikuwa kazi ya majirani.

Tazama karatasi yenyewe. Ufundi wa karatasi ulitoka China, ukaingia Asia ya Kati katika karne ya 8, na kabla ya karne hiyo kwisha ulikuwa umefika Baghdad. Waitalia waliupata baadaye, na kufikia karne ya 13 mji wa Fabriano ulikuwa umekwisha kuwa mahali pa mafundi wakubwa. Karatasi yao haikutokana na miti. Ilitokana na matambara ya kitani na katani, nguo zilizochakaa zikaokotwa, zikaloweshwa na kupondwapondwa mpaka zikawa rojo. Ambapo watengenezaji wa nchi za Kiislamu kwa kawaida waliikaza karatasi kwa wanga, wale wa Fabriano waliikaza kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na kwato za wanyama. Tena walizoea kufuma waya mwembamba katika kichungio chao ili kila karatasi iachwe na alama ambayo huonekana ukiiinua mbele ya mwanga. Alama iliyopendwa mno katika masoko ya Mashariki ilikuwa ile ya hilali tatu, na karatasi ya hilali tatu ilitembea mbali, ikafika Sudan, Uhabeshi na pwani yetu. Basi hata kabla mwandishi wa Siyu hajachovya kalamu yake, katika karatasi ile mlikuwa tayari mna kazi ya mfumaji, kazi ya mchuna ngozi na kazi ya mfua waya. Na ilikuwa karatasi ya kununuliwa, iliyovuka bahari mbili. Jambo hili la bei tutalirudia.

Mafundi wa pwani waliongeza ya kwao. Kalamu ilichongwa kwa utete, na ncha yake ikapasuliwa kwa kisu. Wino mweusi ulikuwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya miti. Kurasa zilikunjwa na kushonwa kwa uzi, kisha zikavikwa jalada la ngozi, na mara nyingi jalada hilo lilikuwa na kipande cha ziada kilichojikunja mbele kuzilinda kurasa. Waarabu hukiita ulimi. Neno lenyewe jalada latokana na shina la Kiarabu lenye maana ya ngozi, na ndilo shina lililotupa pia neno jeledi. Siku hizi tunasema "jalada la karatasi" bila kusita, lakini kwa asili ya neno hilo ni kana kwamba tumesema ngozi ya karatasi. Mfano huu ni mdogo. Nautaja kwa sababu lugha yetu imejaa mifano ya namna hiyo, na mmoja wao ndio uliowagombanisha wanamapokeo na wanamabadiliko bila wao kujua. Nitaufikia baada ya kumzungumzia Mwana Kupona.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, Sheikh wa Siyu. Mumewe alifariki mwaka 1856, na yeye akautunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie usia binti yake Mwana Hashima. Utendi huo hufunguka kwa mama kumwita binti akaribie, naye achukue wino na karatasi. Wahakiki wengi wamepapita mahali hapo upesi. Husemwa kwamba ni desturi: watunzi wa tendi huagiza kalamu, wino na karatasi katika utangulizi kama vile wanavyomtaja Mola na kumsalia Mtume. Ni kweli kwamba ni desturi. Lakini desturi haina maana moja katika kila kinywa. Huyu alikuwa mjane wa mtawala wa mji ambao watu wake waliishi kwa kazi ya wino na karatasi. Alijua karatasi ilinunuliwa wapi na kwa taabu gani. Alijua mkono wa mwandishi mzuri na mkono wa mwandishi mbaya. Anapomwambia binti yake achukue karatasi anamkabidhi kitu cha thamani kutoka katika nyumba ya baba yake, na kwa tendo hilo anamweka mahali ambapo katika Siyu aliketi mwandishi.

Tukilisoma hivyo, beti zinazofuata zabadilika sura. Mama anasema atampa binti hirizi ambayo yampasa aifunge vizuri kwa uzi, kisha anasema atamtungia kidani cha lulu na marijani akivae shingoni. Sisi walimu huwaambia wanafunzi kwamba hapa mna istiari mbili, ya kinga na ya pambo, na somo likaishia hapo. Lakini hirizi ni nini? Ni karatasi iliyoandikwa, ikakunjwa, ikafungwa kwa uzi, na aghalabu ikashonewa ndani ya ngozi. Kwa maneno mengine, hirizi ni kitabu kidogo kuliko vyote. Ina maandishi, ina uzi, ina jalada. Na vitu hivi vyote vilitoka katika mikono ile ile iliyotengeneza misahafu ya Siyu. Mwana Kupona hafanyi safari kutoka katika kalamu na karatasi kwenda katika jambo jingine liitwalo hirizi. Anaendelea na jambo lile lile. Karatasi aliyoagiza mwanzoni inakunjwa mbele ya macho yetu, na utendi anaousomewa binti unakuwa ndio hirizi yenyewe: maandishi ya mama, yaliyokusudiwa kuvaliwa mwilini.

Hali kadhalika kidani. Katika Kiswahili kitenzi ni kimoja: twatunga ushanga na twatunga shairi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, naye huulinganisha utungo wake na koja la lulu. Yawezekana watunzi hawa waliiga desturi ya Kiarabu, ambamo neno nadhmu vilevile lahusu kuzitia lulu katika uzi. Sioni haja ya kubisha. Ninalosisitiza ni kwamba katika Mwana Kupona uzi wa hirizi na uzi wa kidani unafuatana, na kwamba uzi huo ndio uliozishika kurasa za kila kitabu alichopata kukiona. Mhakiki anayeliona neno uzi katika beti hizo akapita, ameiacha sehemu ya hoja ya mtunzi.

Sasa turudi kwenye mstari. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na katika shina lake mna jina la chombo, mistara, ambacho wanakili wa vitabu walikitumia katika nchi zote zilizoandika kwa herufi hizo. Kilikuwa ubao au karatasi ngumu ambayo nyuzi zimetandwa juu yake na kukazwa, kama mfumaji anavyoutanda mtande kabla hajapitisha mshindio. Mwandishi huiweka karatasi yake juu ya nyuzi hizo, akasugua kwa kidole gumba, na alama za mistari zikatokeza bila ya wino. Kisha huandika juu ya alama hizo. Hivyo basi, kabla ya kuwa kipimo cha ushairi, mstari ulikuwa alama ya uzi juu ya karatasi. Upana wake ulipimwa na fundi aliyezikaza zile nyuzi, na upana huo ulitokana na ukubwa wa karatasi iliyopatikana sokoni.

Na mwandishi wa tendi aliujaza vipi? Katika hati nyingi za tendi ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitenganishwa kwa alama ndogo za pambo. Sisi tuliosoma tendi katika vitabu vilivyopigwa chapa tumezoea kuona ubeti wa mistari minne mifupi, mmoja chini ya mwingine, kama zilivyo nyimbo za kanisani. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini ina uzito. Ilivyo katika utendi, vipande vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja kinachobadilika kutoka ubeti hadi ubeti, na kipande cha nne huwa na kina cha bahari, kisichobadilika toka mwanzo hadi mwisho. Ukiuandika ubeti katika mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, kipande cha nne hukaa daima upande wa kushoto, na kina cha bahari hushuka ukingoni mwa ukurasa kutoka juu hadi chini, bila kukatika, kama pindo la leso. Jicho laliona kabla sikio halijalisikia. Mwandiko wa Kiarabu nao humruhusu mwandishi kukirefusha kiungo cha herufi ili kipande kifupi kilingane na vipande vilivyo juu yake, hata pindo hilo likanyooka. Ukiuandika ubeti huo huo katika mistari minne mifupi, pindo limefumuliwa. Kina cha bahari kimekuwa kina cha mstari wa nne, kinachotokea na kupotea, na mwanafunzi hulazimika kuambiwa na mwalimu kwamba kipo.

Huenda mtu akasema kwamba utendi ni wa kughanwa, na kwamba sheria zake ziko masikioni, hazikai katika karatasi. Ni kweli kwamba ulighanwa. Lakini aliyeughani mara nyingi alikuwa na hati mbele yake, na aliyeinakili hati alikuwa akiisikia sauti ya mghani. Sikio na jicho vilikuwa vimekwisha kupatana. Hili laeleza kwa nini wajuzi wa kale walisema juu ya vipande vinne vya ubeti pale ambapo vitabu vya shule husema juu ya mistari minne. Wao walitaja kilichokuwapo mbele yao.

Na hapa ndipo bei ya karatasi inapoingia. Mtu anayeandika juu ya karatasi ya hilali tatu haachi nusu ya ukurasa wazi ili mistari mifupi ipendeze. Nafasi nyeupe ina gharama. Katika Ulaya, tangu katikati ya karne ya 19, karatasi ilianza kutengenezwa kwa rojo la miti, ikawa rahisi, na mpiga chapa akaweza kuziacha pembe za ukurasa tupu bila kuhesabu hasara. Ubeti wa mistari minne mifupi ni mtoto wa karatasi hiyo. Shairi huru ni mtoto wake pia, tena ni mtoto aliyefaidi zaidi, kwa sababu shairi huru haliwezi kuishi bila ya nafasi nyeupe. Kwa hiyo mwanamapokeo aliyesema kwamba mistari minne ya utendi imerithiwa kutoka kwa mababu alikuwa akitetea kazi ya mpiga chapa, na mwanamabadiliko aliyejiona ameyavunja mapokeo alikuwa akitumia uhuru ambao mpiga chapa huyo huyo alikwisha kumpa. Sisemi kwamba mgogoro wao haukuwa na maana. Ulikuwa na maana kubwa kwa lugha na kwa fikra. Nasema kwamba katika jambo la mstari walikuwa karibu zaidi kuliko walivyodhani.

Hoja hii, hata hivyo, ina kikwazo, nacho ni Muhamadi Kijumwa. Kijumwa alizaliwa Lamu kiasi cha mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Alikuwa mtunzi, na Utendi wa Liyongo aliouandika mwaka 1913 ni miongoni mwa tendi zinazosomwa sana. Alikuwa pia mchongaji wa milango, mwenye mwandiko wa kusifika, mwanamuziki, na mnakili wa hati. Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann wote walitegemea kalamu yake, na sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya tendi za Lamu imepita mikononi mwake. Mohamed Abou Egl aliandika tasnifu juu ya maisha yake mwaka 1983, na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakatoa kitabu kikubwa juu ya kazi zake mwaka 2010. Lakini katika vitabu vya uhakiki vinavyotumika madarasani bado hutajwa kama katibu, pengine katika tanbihi, nao uchongaji wake hutajwa kama burudani ya mzee.

Mimi nauona uchongaji huo kama ufunguo. Neno letu nakshi halibagui: lahusu mlango, lahusu kofia iliyotariziwa, lahusu ukurasa. Mtu aliyezoea kuugawa uso wa mbao katika fremu, ukingo na katikati, kisha akaujaza kila upande kwa pambo lake, haugawi ukurasa kwa namna nyingine. Anwani zilizopambwa katika hati za Kijumwa zataka kusomwa na mtu aliyewahi kusimama mbele ya mlango wa Lamu na kuona jinsi kizingiti cha juu kinavyobeba maandishi na miimo inavyobeba mapambo. Huyo atatambua kwamba ukurasa wa kwanza wa utendi ni mlango wa nyumba. Waarabu, kwa hakika, wana jina moja la ubeti na la nyumba, na jina moja la nusu ya ubeti na la ubawa wa mlango.

Kikwazo ni hiki. Hati nyingi za Kijumwa ziliandikwa kwa kuagizwa na wageni, nao walimlipa. Ziliandikwa ziende Ulaya. Tukizitumia kama ushahidi wa jinsi ukurasa wa utendi ulivyokuwa "tangu kale", twapasa kukumbuka kwamba fundi yeyote anayemwuzia mgeni hujua mgeni apenda nini. Pambo laweza kuzidi, mwandiko waweza kuwa mpana kuliko ilivyokuwa kawaida, na nafasi yaweza kuachwa kwa ajili ya maelezo ya mnunuzi. Kwa sababu hiyo sikuijenga hoja ya pindo juu ya hati za Kijumwa peke yake. Lakini sikubaliani na wale watakaosema kwamba hati iliyouzwa si hati ya kweli. Misahafu ya Siyu nayo iliuzwa. Fundi wa mlango naye huagizwa. Kudhani kwamba kuna hati safi iliyoandikwa bila ya mteja ni kuwapa mafundi wa zamani usafi ambao wenyewe hawakuudai, na ambao ungewaua njaa.

Kazi ya kunakili ilififia mwishoni mwa karne ya 19, na sababu zake zaeleweka. Misahafu na vitabu vya dini vilivyopigwa chapa Bombay na Kairo vilifika pwani kwa bei ambayo mnakili hakuweza kushindana nayo. Huko Unguja Sultani Barghash alikuwa na kiwanda chake cha chapa cha herufi za Kiarabu kufikia mwaka 1880, na wamisionari wa Kiingereza walikuwa na chao cha herufi za Kirumi. Inafaa kukumbuka kwamba chapa za Bombay mara nyingi zilikuwa chapa za mawe. Mwandishi aliandika kwa mkono wake, na jiwe likauzidisha mwandiko huo mara mia au mara elfu, hivi kwamba ukurasa wa mnakili haukufa papo hapo. Uliendelea kuishi katika nakala za mashine. Kilichokufa kilikuwa kazi ya mtu aliyeketi Siyu. Na neno tulilolipokea kwa ufundi huo mpya, chapa, lilitoka Bara Hindi, ambako lilikuwa pia neno la mihuri ya mbao iliyotumiwa kupigia nakshi nguo. Mchongaji na mfumaji wakawa wameingia tena kitabuni kwa mlango wa nyuma.

Herufi za Kirumi ndizo zilizoleta mabadiliko ya kweli. Utendi wa Mwana Kupona ulipotolewa na Werner na Hichens mwaka 1934, na Al-Inkishafi ilipotolewa na Hichens mwaka 1939, tendi hizo zilipata wasomaji ambao zisingewapata kamwe, na hilo halina budi kushukuriwa. Wahariri hao walikuwa na bidii na upendo. Lakini kitabu kilichotokea kilikuwa na maneno ya hati, nayo hati yenyewe ikabaki katika sanduku la maktaba. Wahariri waliofuata, wetu na wageni, wameendelea hivyo hivyo. Husahihisha maneno, hulinganisha nakala, hujadili kama herufi fulani isomwe i au e, u au o, lakini ni nadra kumwambia msomaji ubeti umekaa vipi katika ukurasa, alama gani zinatenganisha vipande, karatasi ina alama gani ndani yake, jalada ni la ngozi au halipo, na kama pana dalili kwamba hati iliwahi kukunjwa. Dalili ya mkunjo katika hati ya Mwana Kupona, mathalani, ingekuwa habari ya kihakiki ya daraja la kwanza, kwa sababu tungejua kwamba yupo mtu aliyeutii utendi kwa maana yake halisi.

Kazi ya namna hiyo haihitaji fedha nyingi. Orodha ya hati za Kiswahili na Kiarabu za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyoitoa J.W.T. Allen mwaka 1970, ilikwisha kutuonyesha kwamba hati za kwetu zaweza kuorodheshwa kwetu. Linalotakiwa ni kwamba mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya utendi mmoja asiruhusiwe kuanza na kitabu kilichopigwa chapa ikiwa hati yake ipo na yaweza kuonekana, hata kwa picha. Na kwamba sura ya kwanza ya tasnifu hiyo ieleze kitu chenyewe kabla ya kueleza maudhui.

Lipo jambo jingine ambalo lawahusu zaidi wenzetu wa isimu. Mwaka 1979 Ahmed Sheikh Nabhany alitoa Sambo ya Kiwandeo, utungo unaoeleza jinsi jahazi la Lamu linavyoundwa, na humo akayahifadhi maneno ya mafundi wa majahazi ambayo kamusi zilikuwa zimeyaacha. Mwaka 1985 akafanya hivyo kwa mnazi katika Umbuji wa Mnazi. Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alijulikana pia kwa kuunda istilahi mpya kutokana na maneno ya kale, na runinga ni moja ya zile zilizokubalika. Msamiati wa kitabu cha mkono wastahili kazi kama ile aliyoifanyia jahazi: maneno ya kukunja na kushona, ya kusugua karatasi, ya kuchonga utete, ya kupika wino, ya sehemu za jalada na za marufaa. Kamati zetu za istilahi hukaa na kubuni majina ya sehemu za kitabu kwa kutafsiri kutoka katika orodha za wapiga chapa wa Ulaya, na huku wazee wa ngozi na wa mbao wa Siyu, Pate na Lamu hawajaulizwa wao huziitaje.